Uchambuzi wa kisa: matone ya fedha yaliyoitwa "pole"

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea Marekani katika miaka ya 1950, na kimewahi kuelezwa katika maandiko ya kitabibu. Jina la mgonjwa, mji wake na majina ya waliomtibu vimeondolewa, na umri wake unatajwa kwa makadirio tu. Nimekichagua kwa ajili ya wauguzi, wafamasia na matabibu wanaosoma Kiswahili, kwa sababu dawa iliyomdhuru mgonjwa ilitimiza sifa iliyoipa umaarufu: haikuwasha wala kuchoma, na watoto waliikubali bila kulia. Jina lake rasmi lilimhakikishia kila aliyelisoma kwamba ni dawa isiyo kali. Lakini jina hilo halikusema lolote kuhusu kiasi cha madini ya fedha kilichokuwa ndani ya chupa, na kiasi hicho ndicho kilichoamua hatima ya msichana huyu.

Usuli: dawa na jina lake

Fedha iliingia katika tiba ya kuua vijidudu kwa sababu nzuri kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, mjini Leipzig, daktari wa uzazi Carl Credé alianza kuweka tone la mmumunyo wa 2% wa nitrati ya fedha katika macho ya watoto wachanga, ili kuwakinga na usaha wa macho unaotokana na kisonono cha mama. Upofu wa watoto uliosababishwa na ugonjwa huo ulikuwa janga la kawaida barani Ulaya wakati huo. Katika wodi yake, ugonjwa uliokuwa ukimpata takriban mtoto mmoja kati ya kumi ulishuka hadi chini ya mmoja kati ya mia. Hata hivyo, nitrati ya fedha inaunguza. Ioni zake huru, yaani chembe za fedha zenye chaji ya umeme, hushika protini za utando wowote laini zinaougusa, na jicho la mtoto huvimba na kuwa jekundu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo wanakemia wakaanza kutafuta namna ya kuifunga fedha ndani ya protini, ili ioni zitoke kidogo kidogo.

Mwaka 1897 kampuni ya Bayer ilitoa Protargol, iliyobuniwa na Arthur Eichengrün, na madaktari wa Ulaya wakaipokea haraka katika tiba ya kisonono. Miaka michache baadaye, mjini Philadelphia, daktari Albert C. Barnes na mwanakemia Mjerumani Hermann Hille walitengeneza mchanganyiko mwingine wa fedha na protini, wakauita Argyrol na kuanza kuuza mwaka 1902. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki *argyros*, yaani fedha. Barnes alilinda jina kama alama ya biashara badala ya kuweka hataza ya kanuni ya utengenezaji, kwa kuwa hataza huanika siri hadharani na muda wake huisha. Aliwauzia madaktari moja kwa moja, akatajirika, na utajiri huo ndio ulionunua picha za Renoir, Cézanne na Matisse zinazotunzwa hadi leo na taasisi aliyoianzisha mwaka 1922. Aliuza kampuni yake Julai 1929, miezi michache kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka.

Dawa yenyewe ilikuwa magamba meusi yenye kung'aa, ambayo yakitiwa kwenye maji huyeyuka na kuwa kimiminika cha rangi ya kahawia iliyokoza, chenye kutia madoa kwenye shuka na mito. Wafamasia walifundishwa kuitengeneza ikiwa mbichi na kuiweka katika chupa nyeusi mbali na mwanga, kwa sababu mwanga huigeuza na mmumunyo uliokaa muda mrefu huanza kuwasha. Nawaomba wasomaji wasiipite haraka habari hii ya chupa nyeusi, kwa kuwa kilichokuwa kikizuiwa kutokea ndani ya chupa ndicho hasa kilichokuja kutokea katika ngozi ya mgonjwa.

Aina hizi mbili zilipoingizwa katika vitabu rasmi vya dawa, hazikuweza kuitwa kwa majina ya biashara. Zile za jamii ya Protargol ziliandikwa kwa Kilatini *Argentum proteinicum forte*, yaani protini ya fedha iliyo kali, na zile za jamii ya Argyrol zikaandikwa *Argentum proteinicum mite*, yaani protini ya fedha iliyo pole. Msomaji wa kawaida angedhani kwamba aina kali ndiyo yenye fedha nyingi. Ukweli ni kinyume. Kwa viwango vya kitabu cha dawa cha Marekani, aina kali ilikuwa na fedha kati ya 7.5% na 8.5%, na aina pole ilikuwa na fedha kati ya 19% na 23%. Maneno hayo yalipima jinsi dawa inavyochoma utando, na ukali huo hutegemea ioni zilizo huru. Hayakupima jumla ya madini ambayo mwili utalazimika kuyahifadhi.

Mfuatano wa matukio

Msichana alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi alipopelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo kwa sababu ya pua kuziba, tatizo lililochukuliwa kuwa mzio. Daktari akaandika matone ya pua yenye fedha. Hakuna aliyeielezea familia ndani ya chupa mna nini. Matone yalitumika kwa takriban miaka mitatu, na katika kipindi chote hicho hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba mtu yeyote alijumlisha ni kiasi gani kilikwisha kuingia mwilini.

Rangi ya ngozi yake ilibadilika polepole mno kiasi kwamba waliokuwa wakimwona kila siku hawakuligundua badiliko hilo. Aliyeshtuka ni mtu asiyemzoea, aliyeuliza kwa nini binti ana rangi ya kijivu. Ndipo alipopelekwa kwa daktari wa ngozi, na kipande kidogo cha ngozi kikakatwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Ndani yake zilionekana chembe za fedha. Ugonjwa huo unaitwa argiria, na jina lake limetokana na mzizi uleule wa Kigiriki uliotumika kuipa jina Argyrol.

Matone yakasimamishwa. Rangi ilibaki. Alipokuwa mtu mzima, miongo miwili hivi baadaye, alifanyiwa upasuaji wa kukwangua tabaka za juu za ngozi ya uso kwa matumaini ya kuiondoa fedha. Haukumsaidia, na uso ukabaki na mabaka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, yaani kuandika matone ya fedha, hauwezi kuitwa wa kizembe bila kuutazama katika wakati wake. Daktari wa miaka ya 1950 alikuwa amefunzwa na walimu waliotumia protini ya fedha katika pua, koo, macho na njia ya mkojo kwa nusu karne. Mtoto mwenye pua iliyoziba hataki dawa inayochoma. Dawa hii haikuchoma, haikulewesha, na katika vitabu ilikuwa na sifa ya upole.

Lakini mambo mawili yalikuwa yamebadilika kufikia wakati huo. Salfonamidi zilikuwa zimeingia katika miaka ya 1930 na penisilini katika miaka ya 1940, hivyo maambukizi halisi ya bakteria yalikuwa na tiba bora. Na tatizo la mgonjwa lilichukuliwa kuwa mzio, ambao haumo kabisa katika kazi ya dawa ya kuua vijidudu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uamuzi ulipokosea zaidi. Hata kama fedha isingekuwa na madhara yoyote, haikuwa na cha kutibu katika pua ya mtoto huyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kimyakimya: kutoweka ukomo. Matone ya pua huonekana kuwa dawa ndogo, na dawa inayoonekana ndogo hurudiwa bila mtu kurudi kwa daktari. Chupa ikiisha, nyingine hununuliwa.

Uamuzi wa tatu, wa kukata kipande cha ngozi, ndio wa kupongezwa. Rangi ya kijivu yenye ubluu humfanya tabibu afikirie kwanza moyo, mapafu au upungufu wa oksijeni katika damu, na mgonjwa anaweza kuzungushwa kwa vipimo kwa muda mrefu. Daktari wa ngozi alikwenda moja kwa moja kwenye ngozi yenyewe.

Uamuzi wa nne, wa kukwangua uso, ulitegemea dhana kwamba rangi imekaa juujuu. Dhana hiyo inaeleweka kwa yeyote anayeitazama ngozi kwa macho tu, ila haikulingana na kile ambacho hadubini ilikuwa imeonyesha kwa wagonjwa wa aina hii tangu zamani.

Matokeo

Mgonjwa hakufa wala hakulemaa kiungo. Argiria kwa kawaida haiharibu figo wala ini kwa namna inayomfanya mtu aonekane mgonjwa, na ndiyo maana vitabu vingi vimeiita tatizo la sura tu. Siwezi kukubaliana na neno "tu" katika sentensi hiyo. Msichana aliingia ujanani akiwa na rangi ambayo kila mgeni aliiuliza, na tangu hapo ameishi nayo maisha yake yote, kwa sababu ya pua iliyoziba ambayo yumkini ingezibuka yenyewe au kwa maji ya chumvi.

Uchambuzi: hesabu ambayo haikufanywa

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si kumbukumbu ya chupa ya mgonjwa huyu bali unatumia viwango vya kawaida vya wakati ule. Mmumunyo wa 10% wa protini ya fedha "pole", ikiwa unga wake una fedha ya 20%, una takriban miligramu 20 za fedha katika kila mililita. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo lina miligramu 1 ya fedha. Matone mawili katika kila tundu la pua, mara tatu kwa siku, ni matone kumi na mawili, yaani miligramu 12 kwa siku. Kwa siku 90, jumla inapita gramu 1.

Si fedha yote hiyo inayofyonzwa. Sehemu kubwa ya matone ya pua huteremka kooni na kumezwa, na sehemu kubwa ya fedha iliyomezwa hutoka kwa choo. Hata hivyo, tukitaka kipimo cha kulinganisha, mamlaka ya mazingira ya Marekani baadaye iliweka kiwango cha rejea cha fedha inayoingia kwa mdomo maisha yote kuwa miligramu 0.005 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 40 hiyo ni miligramu 0.2. Mfano wetu wa matone unazidi kiwango hicho mara sitini. Kiwango chenyewe kilijengwa juu ya wagonjwa waliopata argiria kwa sindano za arsfenamini ya fedha zilizotumika kutibu kaswende, ambapo jumla ya takriban gramu 1 ya fedha mshipani ilitosha kumgeuza rangi mgonjwa aliyeathirika kwa urahisi zaidi.

Lau tabibu angeandika aina "kali" kwa mmumunyo wenye asilimia hiyohiyo, mtoto angepata chini ya nusu ya fedha hiyo. Lakini angelia, maana dawa ingewasha, na mama angeiacha baada ya siku mbili. Yaani kuwasha kungemkinga. Upole wa dawa uliondoa onyo pekee ambalo mwili ungeweza kulitoa mapema.

Tena neno "pole" lilikuwa na maana ya pili ambayo wengi hawakuitilia maanani. Dawa inayotoa ioni chache haiwachomi vijidudu pia. Ioni huru ndizo zinazoua bakteria, na zilipofungwa ndani ya protini, uwezo wa dawa kama kiuavijidudu ulipungua sana. Kwa hiyo aina "pole" ilikuwa pole kwa utando, pole kwa bakteria, na nzito kwa akiba ya fedha mwilini. Jina lilisema kweli katika mawili ya mwanzo na kunyamaza katika la tatu.

Uchambuzi: kwa nini rangi haitoki

Fedha inayofyonzwa husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na protini, na sehemu yake huachwa katika ngozi ya ndani, hasa kuzunguka tezi za jasho. Mwanga wa jua unapopenya, huigeuza kuwa madini ya fedha, kama unavyofanya kwenye filamu ya zamani ya kamera. Kisha madini hayo huungana na salfa na seleni na kuwa chembe ambazo haziyeyuki. Aidha, fedha huchochea ngozi kutengeneza melanini zaidi, yaani rangi nyeusi ya asili ya ngozi. Ndiyo maana uso, shingo na mikono huathirika kuliko sehemu zinazofunikwa na nguo. Kwenye hadubini ya kawaida chembe hizo ni nukta za kahawia au nyeusi, na kwenye hadubini ya mandhari meusi hung'aa kama nyota.

Kwa kuwa chembe zimelala chini ya tabaka linaloweza kukwanguliwa bila kuacha kovu, upasuaji wa uso haukuwa na nafasi ya kufaulu. Dawa za kunasa madini mwilini, ambazo husaidia katika sumu ya risasi, hazijathibitika kusaidia hapa. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na ripoti za wagonjwa waliorejeshewa rangi kwa leza ya mapigo mafupi sana yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo huvunja chembe kina kirefu bila kuondoa ngozi, ingawa matibabu hayo huuma na hufanywa kipande kwa kipande. Mgonjwa wetu hakuwa na njia hiyo alipoingia chumba cha upasuaji.

Uchambuzi: onyo lilikuwepo

Sehemu inayonisumbua zaidi katika kisa hiki ni tarehe. Argiria ilijulikana tangu karne ya 19, wakati nitrati ya fedha ilipotolewa kwa wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1935, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, Gaul na Staud walieleza wagonjwa 70 waliopata argiria ya mwili mzima baada ya kutumia dawa za fedha za jamii ya protini na koloidi, yaani chembe ndogo mno za fedha zinazoelea katika kimiminika. Mwaka 1939 Hill na Pillsbury walichapisha kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo. Msichana huyu alipewa matone yake zaidi ya miaka kumi baada ya kitabu hicho. Maarifa yalikuwa yamekaa kwa madaktari wa ngozi, na dawa ilikuwa ikiandikwa na madaktari wa pua. Mpaka kati ya idara hizo mbili haukuvukwa hadi mgonjwa mwenyewe alipouvuka, akiwa tayari kijivu.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza rasmi mwaka 1999 kwamba dawa za kununuliwa bila cheti zenye fedha ya koloidi au chumvi za fedha hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufaa. Hiyo ni karibu karne nzima tangu Argyrol ianze kuuzwa.

Hali ilivyo sasa, na kinachotuhusu

Fedha haijaondoka katika tiba, na isingekuwa haki kuielezea kama sumu tupu. Krimu ya salfadiazini ya fedha, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, ingali katika wodi zetu za majeraha ya moto. Tofauti yake na matone ya kisa hiki ni kwamba hupakwa kwa sababu inayojulikana, kwenye jeraha linaloonekana, na husimamishwa jeraha linapopona.

Kuhusu macho ya watoto wachanga, swali la Credé lilijibiwa upya hapa kwetu. Utafiti uliofanyika Kikuyu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1995, uliwalinganisha watoto 3,117 waliopewa ama povidoni-iodini, ama nitrati ya fedha, ama mafuta ya erithromaisini. Maambukizi ya macho yalitokea kwa 13.1% ya waliopewa povidoni-iodini, 15.2% ya waliopewa erithromaisini, na 17.5% ya waliopewa nitrati ya fedha. Dawa ya fedha ndiyo iliyoshika mkia, na ya bei nafuu zaidi ndiyo iliyoongoza.

Lakini fedha ya koloidi imerudi kwa mlango mwingine, ikiuzwa mtandaoni kama maji ya kunywa ya kuongeza kinga, na wakati wa janga la Uviko-19 mwaka 2020 mamlaka za Marekani zililazimika kuwaonya wauzaji waliodai kwamba inatibu virusi. Maneno ya matangazo ni yaleyale ya zamani: ya asili, laini, haina ukali. Mfamasia anayeulizwa kuhusu chupa kama hiyo aulize maswali mawili ambayo hayakuulizwa katika kisa hiki: ndani mna miligramu ngapi za fedha kwa mililita, na itanywewa mpaka lini. Muuzaji akishindwa kujibu la kwanza, la pili halina haja ya kujibiwa.

Tabibu akimpokea mgonjwa mwenye kijivu kisichoelezeka, aanze kwa kupima oksijeni kidoleni. Ikiwa ya kawaida, na ngozi ikibonyezwa haibadilishi rangi, atazame sehemu iliyofichwa na nguo na kuilinganisha na uso. Kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, ambao kijivu chao si rahisi kukiona usoni, atazame fizi, weupe wa jicho, na ile nusu-duara iliyo kwenye shina la kucha, ambayo kwa mwenye argiria huwa ya buluu. Kisha aulize kwa jina kila tone, kila krimu na kila maji ya dawa ambayo mgonjwa ametumia kwa miaka iliyopita, pamoja na yale ambayo mgonjwa mwenyewe hayahesabu kuwa dawa.